Daraja Lililokatwa Utepe

Uyole, Mbeya
8 Juni 1975

Dada Verediana,

Shikamoo. Huku baridi inagonganisha meno, ila mimi na mke wangu Yudith tu wazima. Mgongo wako unaendeleaje? Usinidanganye, nitamuuliza Tekla mwanao.

Gazeti la Jumanne umeliona? Ukurasa wa tatu kuna habari yangu ya daraja la kwetu. Nimeeleza jinsi mbunge wetu, Bwana Ambrosi, alivyokata utepe mwaka juzi mbele ya nguzo mbili zisizo na ubao hata mmoja. Nilipomuuliza, akanijibu, "Suala hilo linashughulikiwa." Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo. Sasa anapita Iringa nzima akisema mimi mchonganishi.

Mdogo wako,
Bartholomeo

Kwa Misheni, Tosamaganga
29 Juni 1975

Bartho,

Marahaba mdogo wangu. Mgongo unauma, lakini jembe nashika.

Gazeti lako limenifikia likiwa limefungiwa sabuni. Nimelisoma lote, hata matangazo. Umeandika vizuri, sikatai. Lakini masika iliyopita tulimbeba mke wa Liberatus kwa machela kumpeleka hospitali, maji yakitufika kifuani, na tulikuwa na magazeti yako tele nyumbani. Mbao hatukuwa nazo.

Uchaguzi ni Oktoba. Chama ni kimoja, najua, ila wagombea ni wawili, na wa pili hajapatikana mwenye mdomo. Chukua fomu. Kama unaogopa, basi usituandike tena.

Dada yako,
Verediana

Iringa mjini
20 Septemba 1975

Dada,

Shikamoo. Habari za hapo, na mahindi mmeshamaliza kupukuchua?

Umeniponza. Wamenipitisha! Mhariri amenipa likizo bila mshahara, akacheka mpaka akavua miwani. Kwenye alama za karatasi ya kura Bwana Ambrosi kapata Jembe, mimi nimepata Nyumba. Dada, watu wetu wamehamishiwa kijiji kipya mwaka jana tu, wengine hadi leo wanalala kwenye vibanda vya nyasi. Nikisimama na picha ya nyumba hawatanizomea?

Halafu kanuni inatutaka wagombea tuzunguke pamoja, Land Rover moja, msimamizi akiwa mbele. Bwana Ambrosi husinzia begani kwangu akikoroma. Jumamosi tunakuja kwenu. Mpikie na yeye, tafadhali, maana ameanza kunizoea. Daraja siahidi. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu, basi.

Mdogo wako,
Bartholomeo

Kwa Misheni, Tosamaganga
2 Novemba 1975

Mheshimiwa (mkono unakataa kuandika hilo neno),

Hongera, mdogo wangu! Natumaini usingizi umekurudia. Mimi bado nacheka siku ile gari lilivyozimika katikati ya mto, chini ya nguzo zake mwenyewe Bwana Ambrosi, mkashuka suruali mmekunja, yeye kashika viatu kichwani. Akapanda jukwaani akahutubia nusu saa juu ya maendeleo, maji yakimchuruzika. Wewe ukasema, "Mmeona miguu yetu," ukakaa. Nilitaka kukuzaba kofi kwa kukaa bila kutuahidi hata ubao mmoja. Kumbe wanawake wote walikuwa wameshaamua.

Nakupenda, Bartho. Usibadilike.

Dada yako,
Verediana

Uyole, Mbeya
14 Novemba 1977

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Tekla na mumewe. Samahani kwa ukimya, vikao vimeniandama.

Kuhusu daraja, ninapenda kukufahamisha kwamba suala hilo linashughulikiwa. Tuwe na subira.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
B. Kalinga (Mb.)

Kwa Misheni, Tosamaganga
6 Januari 1978

Bwana B. Kalinga (Mb.),

Sisi wazima. Tekla anatarajia kujifungua mwishoni mwa Machi, wakati mto umejaa. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mdogo wangu yuko mstari gani. Sikumwona, nikalia.

Nikaketi, nikaandika gazetini. Nakala yako hii: "Mheshimiwa Mhariri, mbunge wetu alikuwa mwandishi wenu. Daraja letu bado ni nguzo mbili. Tulipomuuliza akatujibu, 'Suala hilo linashughulikiwa.' Tafadhali tumeni mwandishi mwingine." Nimeitia kwenye bahasha na stempu nimebandika. Iko mezani, bado sijaituma.

Mimi,
Verediana

Kwa Misheni, Tosamaganga
2 Aprili 1978

Bartho wangu,

Hujajibu barua yangu, na sasa usihangaike kuijibu. Mgongo hauumi leo, au nimesahau kuusikiliza.

Siku ile lori lilipotokea kilimani nilidhani ni la mbolea. Kumbe mbao za Mufindi, na wewe juu yake umezikalia, nywele zimejaa vumbi. Watu wanasema ulilala siku tatu mlangoni kwa bwana misitu mpaka akachoka kukuona. Ulipopiga misumari, miwili ikapinda, Liberatus akakunyang'anya nyundo. Nilikuwa nakuangalia mikono kama una mkasi. Hukuwa nao, na utepe haukuwepo.

Juzi Tekla alivuka kwa miguu yake mwenyewe, maji yakinguruma chini, akasimama katikati kupumzika kama mtu aliye barazani kwake. Amezaa mtoto wa kike, mnene, mwenye kelele za babu yake Bartho.

Usishangae stempu ya bahasha hii kujikunja pembeni. Ni ile ya barua ya gazeti, nimeibandua kwa mvuke wa birika. Barua yenyewe nimeihifadhi kwenye sanduku langu la nguo. Uchaguzi ni mwaka themanini.

Dada yako,
Verediana