Mkwe Aliyetupa Kisogo

Jumatano, 13 Agosti 1986

Shule zimefungwa juzi tu na tayari sina likizo. Mumbua kaja asubuhi na tangazo la safari ya akina mama wa kanisa, nilipitie kabla halijabandikwa. Kaandika: "Tutaongozwa na gaidi mwenye uzoefu." Gaidi! Nikamwambia gaidi ni mnyang'anyi wa porini mwenye bunduki. Anasema yeye ana maana ya gaidi wa Kiingereza, yule wa kuonyesha watalii vitu. Nimefuta, nikaandika "kiongozi". Ameniangalia kama mimi ndiye sijui lugha. Miaka kumi na tisa nafundisha Kiswahili hapa Emali!

Safari ni Jumamosi. Mawe meusi ya volkano chini ya milima ya Chyulu, halafu chemchemi za Mzima. Kwenda na kurudi siku moja, kwa basi la Abdille mwenye duka. Jina la kiongozi Mumbua hakulitaja, nami sikuuliza.

Binti yangu Mbinya bado yupo. Wiki ya tatu sasa. Nikimwuliza anarudi lini kwake, jibu ni lile lile: mume wake amesema akae huku kwangu mpaka watalii wake wapungue kazini. Halafu anaanza kuosha vyombo ambavyo ni safi.

Alhamisi, 14 Agosti

Barua ya Baba Mbinya kutoka Voi. Imeletwa na mwenzake wa reli. Fupi kama telegramu. Kama Mbinya amepigwa, aseme, atakuja mwenyewe. Kama hajapigwa, arudi kwa mume wake kabla ya mwisho wa mwezi. Eti nimpe jibu.

Rahisi kusema ukiwa Voi! Nitamwuliza nani? Mbinya anafunga mdomo. Nzomo, mume wake, siwezi kumwuliza. Mkwe huyo! Miaka miwili tangu amwoe mtoto wangu na uso wake siujui vizuri. Tukikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Kula mbele yake siwezi, kumwita jina siwezi. Ndiyo nthoni yetu Wakamba, heshima ya mkwe na mama mkwe. Mchungaji anasema hayo ni mambo ya giza, yameisha. Lakini siku mama mkwe wake alipokuja kanisani, alihubiri saa nzima akitazama mabati.

Nimemkagua Mbinya mikono alipokuwa anafua. Hakuna alama. Mgongo sijauona. Nimelala mchana na mawazo hayo, nikaamka nayo.

Ijumaa, 15 Agosti

Mchungaji kasikia mawe tunayokwenda kuona yanaitwa Shetani. Kaja kuuliza kama hatuwezi kwenda kwenye mawe mengine. Nikamwambia mawe hayakujipa jina. Ameomba maombi marefu, uji wangu ukaungua.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimerudi. Miguu imevimba. Niandike kabla sijalipuka mimi mwenyewe.

Alfajiri tuko mbele ya duka la Abdille, akina mama ishirini na sita, kila mmoja na mayai mabichi. Mengine yako kwenye trei nzima! Nauliza ya nini. Mumbua: "Si tunaenda chemchem, Mwalimu? Hiyo maji si inachemka? Tutachemshia huko." Wote wakaitikia kwa vichwa. Chemchemi inachemka! Nikaeleza: chemchemi ni mahali maji yanapotoka ardhini, na ya Mzima ni baridi. "Na si ni mlima ya moto?" akasema mwingine. Mayai yakapanda basi, yakapewa viti vya mbele.

Tulipofika Mtito Andei basi likasimama kumchukua kiongozi. Akapanda mwanamume mrefu, kofia ya kaki. Nzomo! Mkwe wangu! Nikajifunika leso mpaka puani, nikajikunja nyuma ya Mumbua. Naye aliniona, maana thamosi ilimponyoka, nikasikia kioo cha ndani kikivunjika. Halafu akageuka akaelekea mbele, akatupa kisogo, na hivyo ndivyo tulivyoongozwa siku nzima. Kulia kwenu mtaona hivi, kushoto kwenu mtaona vile — yote yanaambiwa kioo cha dereva. Wenzangu wakaanza kulalamika hawasikii. Abdille mwenyewe, aliyeshika usukani, alichoka: "Sasa wewe unafundisha mimi ama hawa wamama?" Nzomo akasema anaangalia barabara.

Na Mumbua alijua! Amekiri. Anasema alitaka gaidi aliyeokoka, na kwamba kanisani hakuna nthoni tena. Nikamwuliza mbona basi yeye mkwe wake akija hujificha jikoni. Akasema jikoni huwa ana kazi.

Lakini kilichonitoa moshi ni maagizo. Yanatoka mbele kwa Nzomo, yanapita kwa Abdille, yanafika kwa Mumbua, yananiangukia mimi. "Mgonjwa asikae upande ya jua." Baadaye: "Mgonjwa apewe maji." Baadaye tena: kama mgonjwa anachoka, basi linaweza kwenda polepole. Mgonjwa gani? "Ni wewe, Mwalimu," anasema Mumbua, na ananipepea na kitabu cha nyimbo. Mimi! Sijaugua hata mafua tangu Pasaka. Nikafikiri ni dharau. Mtu ana miaka arobaini na minane wanamwona maiti.

Pale Shetani nilisahau hasira kidogo. Niseme kweli. Mawe meusi, meusi kabisa, yamemwagika kutoka milimani kama uji uliofurika sufuria, mpaka macho yanapoishia. Hakuna jani. Nafundisha neno "zaha" kila mwaka na sikuwahi kuiona! Nzomo, kwa kisogo chake, akasema zaha ilishuka ikiwaka, juu ikaganda upesi, ndani ikabaki moto muda mrefu. Anaeleza vizuri. Sauti yake ni ya mtu mpole, na hilo lenyewe likanitia wasiwasi, kwa sababu wapigaji wengi wana sauti za upole mbele za watu.

Nikiwa bado nashangaa, agizo: mgonjwa abaki ndani ya basi, mawe yanakata. Nikashuka makusudi. Nikapanda juu ya mawe makusudi. Kamba ya ndara ikakatika, nimetembea siku iliyobaki na mguu mmoja umefungwa kitambaa cha Mumbua. Yalikata kweli.

Mzima. Maji safi mpaka unahesabu kokoto chini. Mumbua akatumbukiza kidole, akakitoa, akanitazama kama mimi ndiye nimeyapoza. Viboko wamelala, mbele kidogo maji yanaporomoka juu ya mawe, na askari wa mbuga anatembea nasi na bunduki. Wenzangu wakakaa kivulini kubishana kama mayai yatafika Emali. Nikawaacha. Kuna kijumba chini ya maji, unashuka ngazi, kina vioo pande zote, unaona samaki. Nikashuka peke yangu nipumzike mbali na watu.

Nimesimama pale, samaki wananipita usoni, nasikia viatu kwenye ngazi. Nzomo. Alidhani kijumba ni kitupu, alikuwa ananikimbia mimi! Akageuka kupanda. Juu askari akapiga kelele: "Kaeni hapo hapo! Kiboko imetoka, iko kwa njia!"

Hakuna pa kwenda. Chumba ni kidogo kuliko stoo yangu. Mimi kioo hiki, yeye kioo kile, mgongo kwa mgongo. Namsikia anavyopumua. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Halafu nikamkumbuka Mbinya na vyombo vyake safi. Nikaamua. Nikaongea na samaki.

Nikasema: wewe samaki, kama kuna mtu amempiga mtoto wangu, niambie leo.

Kisha yeye, kwa samaki wa upande wake: "Samaki, mimi sijawahi inua mkono kwa Mbinya. Hata siku moja. Na huyu mama anaumwa hivi, nani alimwachilia aje safari?"

Nikamwuliza wa kwangu: samaki, nani anaumwa?

"Mbinya alisema mama yake ana ugonjwa ya moyo, daktari alikataza aachwe peke yake. Ndiyo nikamwachilia aje kumwuguza. Nikatuma asali."

Asali! Ile asali ya wiki jana! Mbinya alisema kanunua kwa Mumina, jirani. Tuliila na viazi vitamu. Nikasema: kwangu alisema ni wewe umemtaka akae huku.

Nilisema "wewe". Si samaki tena. Tulisikia wote wawili. Kila mmoja akakazia macho kioo chake mpaka askari alipoita kwamba kiboko amerudi majini.

Njia nzima nimekaa nalo. Huku kasema ni mume, kule kasema ni mama. Na alijua hatutaulizana mpaka tunazikwa. Amejificha katikati yetu, ndani ya nthoni, hapo hapo ambapo sisi wawili hatuangalii. Msichana nimemfundisha kusoma mwenyewe! Kidogo nicheke. Sikucheka.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada nimefunga mlango, nimemkalisha. Nimemwambia nimeongea na Nzomo. Hakuamini. Nimemwambia habari ya moyo wangu mgonjwa na habari ya asali. Hapo aliamini.

Alikwenda chumbani akarudi na barua. Chuo cha uuguzi, Kitui. Amepata nafasi. Anatakiwa tarehe moja Septemba, miaka mitatu. Aliandika maombi kimya kimya, akatumia anwani ya shule yangu, akachukua barua mwenyewe posta.

Kwa nini hukuniambia? Mimi mwalimu, nikukatalie masomo?

Akasema: "Ulishanikatalia, mama." Bila hasira. Ingekuwa afadhali kwa hasira. Siku wazee wa akina Nzomo walipokuja kuposa, nilimwambia achague moja, mume au chuo. Kwamba mimi nafasi ya kwenda kuongeza masomo niliiacha kwa ajili ya baba yake, na sijafa. Ni kweli nilisema. Hata mahali nakumbuka, kando ya pipa la maji. Nilijiona nina busara siku hiyo.

Na Nzomo? Anasema anampenda, ndiyo maana ameogopa kumwuliza. Akimwuliza akakataa, basi, imekwisha. Asipomwuliza, atakuwa ameshaingia chuoni, watanung'unika, watazoea. Nikamwambia hawatazoea. Watasema ametoroka, na wazee watavunja ndoa hiyo wakiwa wamekaa.

Hapo akanishika mkono: "Nyamaza tu wiki mbili, mama. Yeye hawezi kukuuliza tena. Si ni nthoni?"

Nilipiga meza. Chai ikamwagika kwenye kitambaa alichonishonea. Nimemwita mwongo, nimemwita kichwa kigumu, nimemwambia amerithi kwa baba yake. Halafu nimekwenda nje kulia nyuma ya choo kama mtoto. Nimeumia. Si kwa uongo wake. Ni kwamba alitafuta mtu wa kumwambia, na mimi sikuwa mmoja wa watu.

Baba Mbinya sijamjibu. Nimwandikie nini?

Jumatatu, 18 Agosti

Saa nne asubuhi. Nzomo yuko sebuleni kwangu.

Kaja peke yake, na miguu yote ina vumbi. Kasimama nje ya ua kama inavyotakiwa, akakohoa, akangoja mtu asiye mimi wa kumkaribisha. Mtu gani? Mumbua kaenda sokoni. Mbinya kajifungia chumbani, anatikisa kichwa dirishani: niseme hayupo, niseme nimelala, niseme chochote. Dakika ishirini! Jua linampiga, anakohoa tena. Mwishowe nimefungua mlango kwa ukali, nimesema kwa sauti ya darasani: ingia ndani! Amepita akitazama chini. Kachukua kiti, akakigeuzia ukutani, akakaa.

Nimekimbilia jikoni. Naandika hapa juu ya debe la unga. Chai imeshachemka mara mbili.

Mbinya kaja kwa mlango wa nyuma, kaniwekea barua ya chuo mkononi. Nimemwuliza kwa nini asimpelekee mume wake mwenyewe. Kasema akimwona usoni ataahirisha, ataunga uongo mwingine. Kasema mimi ndiye nilifunga hilo neno, mimi nilifungue.

Mimi! Mama mkwe! Kwa ulimi gani?

Nimekwenda mpaka mlango wa sebule, barua mkononi. Kisogo kile kile. Sikuvuka kizingiti. Nikaita. Jina lake, mara ya kwanza tangu amwoe mtoto wangu: Nzomo. Nikasema geuza kiti, nina neno, na aliyeanza kukosea ni mimi.

Hakusogea. Nimerudi jikoni. Mbinya ananitazama kama hanijui.

Sasa nasikia kiti kinakwaruza sakafu.