Binti wa Miaka Arobaini na Moja

Jumapili, 5 Agosti
Leo tena! Padri kaleta kibao cha amani, kile chenye msalaba, ili tukibusu mmoja mmoja misani, kwa kufuata vyeo kama kawaida, na kikapita mbele ya pua yangu kwenda kwa Ide. Ide! Ana miaka kumi na minane, juzi tu alikuwa anakimbizana na bata wa mama yake. Lakini Pasaka bwana wetu kamgonga mumewe upanga begani kumpa cheo, sasa ni naiti, basi yeye ni Madamu. Mume wangu ni mbeba ngao tu, kwa hiyo mimi ni Binti. Binti Aelis! Mwenye wajukuu wawili na pengo mdomoni.
Kakifuta kibao kwa kitambaa ndipo akanipa. "Karibu, Binti." Kwa upole kabisa. Ningemzaba kofi humo humo kanisani.

Jumatatu, 6 Agosti
Maroie, mtumishi wangu, kayapata kisimani: bwana wetu wa Vaucourt alishataka kumpa Gobert wangu unaiti. Si mara moja — mara mbili! Na mume wangu kakataa. Miaka yote hii namwonea huruma, nikidhani amesahauliwa!
Nikamwuliza mezani. Akaendelea kumenya yai. Eti naiti hupangwa mstari wa kwanza, mbeba ngao hukaa nyuma ya bwana wake. "Nimezoea nyuma, mke wangu. Nyuma kuna kivuli."
Kivuli! Nikamwambia yeye ni mwanamume suruali. Maroie alikuwepo, kashika bakuli la supu. Gobert akaliweka yai chini. Hakulimaliza.

Jumatano, 8 Agosti
Hatusemezani. Vizuri.

Ijumaa, 10 Agosti
Vita. Waingereza wamevuka mto, bwana kaita watu wake wote. Asubuhi ya mapigano, kabla ya baragumu, bwana huwapa unaiti wanaoomba. Ni kupiga goti tu, papo hapo shambani.
Gobert alikuwa ameshapanda farasi. "Safari hii nitapiga goti," kasema. "Utaitwa Madamu. Haya, umeridhika?"
Nikasema ndiyo. Niliridhika, kwa nini nijidanganye? Aliinama nikamfunga kamba ya joho, akaondoka. Sikumwambia hata neno moja zuri.

Jumapili, 12 Agosti
Kibao kikaenda kwa Ide. Nikasema moyoni, tamba, bibie, siku zako zinahesabika. Nyumbani nimelitoa sandukuni joho la mama lenye manyoya ya kindi. Wake wa manaiti tu ndio huvaa manyoya hayo. Nondo wameyala kidogo kwapani. Yatashoneka.

Alhamisi, 16 Agosti
Walipigana juzi. Sokoni kila mtu ana lake. Wengine wanasema tumeshinda. Muuza samaki anasema mstari wa mbele ulizama kwenye matope, farasi juu ya watu, na waliokuwa nyuma wakapata nafasi ya kugeuka na kukimbia. Nikamwambia afunge domo, auze samaki wake. Usingizi hakuna.

Ijumaa, 17 Agosti
Colart karudi. Mpiga upinde, mtu wa hapa hapa, alikwenda na Gobert. Miaka yote huniita Binti, tena kwa kejeli, mshenzi yule. Maroie kaja mbio: anaomba kuonana na Madamu Aelis.
Nikashuka ngazi nusu. Akavua kofia. "Madamu." Halafu, "Madamu, naomba maji kwanza, Madamu." Mara tatu! Haniangalii usoni. Anaangalia viatu vyangu.
Nikasema nafuata shali. Nimepanda juu, nimefunga mlango, naandika. Hakuna baridi. Ni Agosti. Sitaki shali, sitaki chochote, namtaka Gobert aketi hapa amenye mayai yake, mbeba ngao hadi kufa kwake. Nimesema nini mimi!
Colart yupo jikoni. Maji gani hayo hayaishi? Basi yasiishe. Nimesikia kikombe kikiwekwa mezani. Maroie anapanda, anabisha hodi, naye ananiita Madamu —