Bahari Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 4 Juni 1956

Chai, maandazi, madereva wa malori, masizi. Kama jana. Maandazi ya asubuhi yameungua kwa sababu Rukia alikuwa anatazama ukuta. Tangu binti yangu arudi kutoka kwa mumewe Mbeya, kazi yake ni hiyo.

Mama mkwe wake, Bi Tatu, amesema tena. Dereva mmoja ameyashusha maneno yake hapa hotelini pamoja na magunia ya mchele. Eti sisi ni watu wasio na kwao. Eti Kilwa nilikozaliwa naijua kwa kusikia, na samaki wangu wa njano wenye mistari ni hadithi za kulazia watoto. Maneno hayo hayo ndiyo yaliyomkimbiza Rukia. Sasa mwanamke huyo anakuja Idd Kubwa, yeye na mwanawe Juma, kumchukua. Kama mtu aliyekuja kudai sufuria yake.

Rukia hatoki hapa mpaka Bi Tatu amewaona samaki hao kwa macho yake na kulirudisha neno lake. Nitawaleta Iringa, wazima, ndani ya maji yao.

Jumamosi, 9 Juni

Kila mjinga wa mji huu ana shauri.

Shemeji Mohamedi, mdogo wa marehemu mume wangu, anaendesha lori la Dar es Salaam. Anataka fundi atengeneze sanduku la bati, kioo mbele, rangi ya fedha. Bati na maji ya chumvi. Mtu amezaliwa Lindi, amekulia ufukweni, halafu anasema bati. Nimemuuliza debe la mama yake la kuchotea maji ya bahari lilidumu muda gani kabla ya kuliwa na kutu. Akaomba chai.

Mwalimu Sanga wa shule ya misheni amekuja na kitabu cha Kizungu chenye picha. Yeye anataka vioo pande zote, na tuliweke dirishani ili wapita njia wajifunze. Dirisha la Iringa, wakati huu wa baridi. Samaki wafe ili wapita njia wajifunze. Bahari hajaiona, anaitamka kama jina la dawa. Ila kitabu chake kina jambo moja la akili: maji yapitishwe kwenye mchanga yasafike, na yapigwe hewa wakati wote. Hilo nimelichukua. Mengine nimemwachia.

Jumatatu, 11 Juni

Nimeamua. Saruji, kama birika la msikitini, kioo kimoja tu mbele. Mgongo wake uegemee ukuta wa jiko la maandazi upate joto. Fundi mwashi amecheka. Nimemwambia acheke huku anajenga.

Chujio ni mianzi iliyotobolewa, imelazwa chini. Juu yake kokoto, juu ya kokoto mchanga. Mwanzi mmoja umesimama kona. Hewa ikipanda ndani yake inavuta maji yaliyopita mchangani na kuyamwaga juu, safi. Na hewa inatoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Unajazwa kwa pampu, unapumua kidogo kidogo kwa mrija mwembamba. Mwalimu Sanga alitaka tuuite kwa Kizungu. Tunauita mpira.

Sasa ni kujaza maji ya bomba na kumwaga, kujaza na kumwaga, mpaka saruji iache ukali.

Jumapili, 24 Juni

Maji ya bahari niliyomwagiza Shemeji yamefika. Yaliyobaki. Shemeji alisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, akapanga magunia juu ya mitungi yangu, halafu akapanda milima ya Kitonga na makona yake yote. Mitungi ikapasuka.

"Shemeji, vitunguu vilikuwa bei rahisi."

Ndiyo utetezi wake wote. Lori zima linanuka vitunguu na pwani. Nimemwambia niliyomwambia, siyaandiki. Birika limejaa nusu. Nimeonja. Ni yenyewe. Nilitoka uani nikakaa peke yangu kidogo.

Ijumaa, 6 Julai

Samaki wamekuja. Wengi wamefia njiani. Safari hii Shemeji hakusimama popote, na anataka asifiwe kwa hilo. Wazima ni vitatange wawili. Njano, mistari myeusi, mdomo mdogo uliochongoka. Wamezunguka matumbawe yaliyokuja nao, wakasimama mbele ya kioo wakanitazama.

Nimelia. Nimekasirika kwamba nimelia. Nilikuwa nimeanza kudhani Bi Tatu amesema kweli.

Nimemwita Rukia. Ametazama. Akasema, "Wazuri, mama," akaenda kuosha vikombe. Namfanyia haya yote, anaosha vikombe.

Jumamosi, 14 Julai

Mji mzima unapita jikoni kwangu. Wanafungua midomo kuliko samaki. Na hakuna anayekuja mikono mitupu. Huyu ana kipande cha chapati, yule tende, yule wali. Kwetu mtu hali mbele ya kiumbe bila kumgawia, na hawa wameamua vitatange ni wenyeji wa nyumba. Nawalisha mwenyewe: maini mabichi, yaliyokatwa punje punje, kidogo sana. Kinachozidi kinaoza chini ya mchanga, na chujio haliwezi kula uozo wa mji mzima. Nimewaeleza. Wanaitikia kwa adabu, nikigeuka wanatupia.

Nimefunika birika kwa kanga. Wanaifunua kanga.

Mwalimu Sanga peke yake hajatupia kitu. Ameleta wanafunzi.

Alhamisi, 19 Julai. Idd

Bi Tatu amefika na baibui jipya, ananukia udi. Juma nyuma yake amebeba mizigo. Sikungoja hata anywe maji. Nimempeleka moja kwa moja jikoni, nikafunua kanga.

Ametazama. Akasema, "Kumbe wapo kweli." Basi. Saruji, mianzi, mitungi, Kitonga, yote hayo, na jibu lake ndilo hilo. Neno lake hakulirudisha.

Kisha akachota pilau kwenye sahani yake mwenyewe, na nyama.

"Mkwe, siku ya Idd hawa wale kwa macho?"

Akawatupia. Mkono wa mgeni siku ya Idd haushikwi. Sikuushika. Wageni wengine walipoona yeye ametoa, wote wakatoa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilitamani kumsukumia birikani na baibui lake.

Juma hakuingia jikoni kabisa. Alishinda uani na Rukia, kwenye benchi, wanamenya machungwa.

Ijumaa, 20 Julai

Maji meupe kama uji. Mpira unapumua, mwanzi unamwaga mafuta ya pilau. Vitatange wote wawili wamelala ubavu juu ya maji.

Bi Tatu aliingia kutaka maji ya udhu, akaona. Akakaa sakafuni, kwenye masizi, na baibui lake. Akalia kama aliyefiwa.

"Nimewaua, mkwe. Na lile neno nimelirudisha. Unisamehe."

Nimelipata. Nilitegemea litakuwa tamu kuliko hivi.

Nikaenda chumbani kumwambia Rukia kwamba sasa anaweza kurudi Mbeya kichwa juu. Nikakuta sanduku lake limefungwa, na kamba imeshakazwa. Lilifungwa kabla Bi Tatu hajalia.

"Nilitaka kurudi tangu mwezi wa sita, mama," akasema. "Nilikuwa nakungoja umalize na samaki wako."

Jumapili, 22 Julai

Wameondoka na basi la asubuhi. Bi Tatu alinishika mkono muda mrefu. Nilimwacha aushike. Rukia alipanda akicheka na mumewe jambo ambalo sikulisikia.

Mwalimu Sanga ameuliza kama anaweza kuweka perege wa mtoni birikani, kwa ajili ya shule. Nimemwambia aweke anachotaka.

Nimekunja matandiko ya Rukia. Mwezi na nusu tumekaa katika jiko moja, na sikumuuliza hata mara moja anataka nini. Angeweza kuniambia. Lakini nani anapata nafasi ya kusema katika nyumba ninamosema mimi.

Wateja walikuwa wachache. Nimefunga mapema.