Saa Moja na Dakika Ishirini hadi Osaka

Jumapili, 2 Machi

Miaka tisa. Kaka Gwang-ho, mwenye duka la nyama choma huko Osaka, hajakanyaga Busan miaka tisa! Ukimuuliza — mbali. Mbali gani? Ndege toka hapa hadi Osaka ni saa moja na dakika ishirini. Kilomita mia sita hazifiki. Mimi niliyewapikia wavuvi melini hadi Las Palmas, huko Atlantiki, miezi mitano maji tu pande zote, ndimi wa kufundishwa umbali na mchoma nyama? Shule niliishia darasa la sita, lakini dunia nimeimaliza.

Mama anatimiza miaka themanini. Ametaka kitu kimoja: wanawe wawili, meza moja. Nilimwandikia kaka tangu Januari: tarehe tano mwezi wa tatu, uje. Kimya. Hata "sawa" hakuna.

Jumatatu, 3 Machi

Nimepiga simu mara sita. Hapokei.

Mama anasema nimwache, labda ana wateja. "Wateja wa miaka tisa, mama?" Akaniambia nipunguze mdomo. Anamtetea yeye. Mimi ninayempeleka kliniki ya macho kila Alhamisi, wa kunitetea nani?

Basi. Siku yenyewe bado mwezi mzima, lakini nimekata tiketi ya Jumatano, nauli nafuu. Namfuata huko huko, nimshike sikio, akate tiketi yake nikimwona. Mama nimemwambia nakwenda kuvua.

Jumatano, 5 Machi

Osaka. Safari fupi mno, hasira haikupata muda wa kupoa. Duka la kaka limefungwa. Nimegonga mpaka jirani akatoka, bibi muuza kimchi, kabichi ya kuchachua. Mzee amekwenda kwao kwa mama yake, anasema. Asubuhi hii. Na suti.

Simu ikalia. Kaka.

"Man-sik, uko wapi? Mama anatimiza themanini leo, wewe unavua?"

"Siku gani? Ni mwezi ujao!"

"Uliandika tarehe tano mwezi wa tatu. Leo tarehe ngapi, bwana mkubwa?"

Mwezi wa tatu wa mwandamo! Siku ya mama tunaihesabu kwa mwezi wa angani, ndivyo alivyozaliwa. Mtu wa Busan haambiwi. Lakini huku hakuna anayehesabu hivyo, naye kakaa huku miaka arobaini. Neno moja tu, "mwandamo", niliona uvivu kuliandika. Lakini si angeuliza? Si angepokea simu? Eti alitaka kutushtukiza. Mshenzi.

Nyuma yake nikamsikia mama akicheka, masufuria yakigongana. Anasema kusherehekea mapema si mkosi, mkosi ni kuchelewa. Supu ya mwani, ya siku ya kuzaliwa, iko jikoni.

"Basi rudi," kaka akasema. "Mimi naondoka kesho saa tatu asubuhi. Si ni saa moja na dakika ishirini tu, wimbo wako wa kila siku?"

Niko uwanjani. Nimeuliza kaunta tatu. Ndege za leo zimejaa. Ya kwanza kesho inatua Busan saa nne.

Kaka kapiga tena. Mama anauliza aweke bakuli mbili au tatu.

Nikajisikia nikimjibu: "Kaka, ni mbali."