Katuni ya Jumapili Jioni

Sawako mwanangu,

Huku Akita theluji imewahi, na figili nilizoanika zimeoza. Ile katuni ya Jumapili jioni wameikatisha; eti watazamaji wamepungua. Kaka yako Tomoharu, tangu ajifungie chumbani, alikuwa akifungua mlango kidogo kwa ajili ya katuni hiyo tu, asikilize, nami niuone mkono wake ukivuta sinia ya chakula.

Jumapili nikaweka kanda yake ya zamani niliyoirekodi, nikaongeza sauti. Mlango ukafunguka.

“Mama, hiyo ya mwaka juzi! Mimi mtoto wa kudanganywa?”

Sauti yake, baada ya miaka! Nikashindwa kuficha furaha. “Supu inapoa, baba.”

Akaubamiza mlango. Tangu hapo sinia inarudi kama ilivyokwenda.

Mwaka Mpya usijisumbue kuja. Saa ile ya katuni siku hizi wanaonyesha gofu. Naongeza sauti hivyo hivyo.

Mama yako