Mama Amerara

Kibomet, Kitale
Julai 2007

Ndugu yangu Khaemba,

Mahindi huku yametoa ndevu. Wahu, mwenye nyumba wangu, analalamika kwamba mifupa ya dainosari niliyoleta kutoka Turkana imejaza baraza. Kila nikianza kuisafisha nasimama, naenda hadi langoni, narudi. Jana nilifika Kiminini na mkoba, nikageuka. Si eti sijui njia ya kuja nyumbani Lugulu, bana.

Hushiki simu zangu, basi soma. Kule kambini mtandao ulipatikana juu ya kilima tu. Nilipopanda nilikuta ujumbe wako: "Mama amerara." Niliicheka hiyo r yako. Nilijua hospitalini hapati usingizi, nikadhani sasa ameupata. Nikakujibu, nikashuka kufukua mguu wa dainosari kwa brashi, polepole, nisiuvunje. Siku nane. Nilipopanda tena, mlikuwa mmeshamzika.

Si ungeandika tu amekufa? Lakini kwetu nani husema hivyo juu ya mama yake.

Sasa, tafadhali, Baba asilione jibu langu kwa simu yako. Lifute. Lile la "Sawa, msimwamshe."

Dada yako,
Sellah