Jumapili Niliyomtafsiria Mama Mkwe Joka

(Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la mwaka 1996, nilipokuwa fundi baiskeli Makanyagio, Mpanda. Nimerekebisha herufi tu. Ujinga nimeuacha kama ulivyo.)

Jumapili, katikati ya Oktoba.

Joto la leo halina adabu. Mvua haijulikani iko wapi, mashamba yanachomwa kila upande, na moshi umelala juu ya mji kama mgeni asiyeaga. Nina hasira. Kila nikitafuta wa kumkasirikia nakuta ni mimi.

Leo nimedanganya banda zima la watu, mchana kweupe, kwa kipaza sauti. Nimesifiwa.

Nianze na picha yenyewe ya video, maana haistahili heshima ya kuachwa mwisho. Dunia imeisha. Majoka yenye mabawa yametoka chini ya ardhi na kuchoma kila kitu. Wamebaki watu kama ishirini wenye bunduki, wanaishi kwenye magofu, na kazi yao ni kugombana wao kwa wao mpaka joka lije liwapumzishe. Miji imeungua, lakini nywele za steringi, yule shujaa wa picha, zimechanwa vizuri. Wanaendesha malori kutwa nzima. Dunia imekwisha, dizeli haijaisha! Sisi hapa dunia ipo, na lori la tumbaku limelala barabarani siku ya nne linasubiri mafuta.

Na hakuna hata mmoja aliyeshika jembe. Hilo ndilo lililonichefua zaidi. Nawajua wakimbizi wa Mishamo, wananiletea baiskeli zao. Hao walikimbia vita ya kweli, wakavuka mpaka na watoto mgongoni, na walipofika porini walikoonyeshwa, wakapanda mahindi na maharage. Mtu aliyenusurika namjua anavyofanana. Hafanani na yule bwana wa bunduki mbili.

Sasa niseme nilivyofika kwenye kipaza sauti.

Banda la video la hapa kwetu ni la Mzee Sadala. Mimi ndiye ninayemwandikia ubao wa matangazo kwa chaki, kwa sababu mwandiko wangu umenyooka, na yeye huniacha niingie bure. Mtafsiri wake anaitwa Kizito. Kizito hukaa kando ya deki ya video na kipaza sauti na kueleza kwa Kiswahili wanachosema Wazungu. Tatizo ni moja: hajui Kiingereza. Hajui kabisa. Kwa Kizito kila anayekufa anasema, "Nisalimieni nyumbani," na kila mwanamke anayelia amenyimwa ada ya shule. Nimemsikia akitafsiri taarifa ya hali ya hewa kuwa tangazo la vita.

Mimi Kiingereza nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada wala kurasa za mwisho. Mwaka mzima nimekaa benchi la nyuma nikimsahihisha Kizito kwa sauti. Watu wamecheka naye, watu wamecheka na mimi, na jina limenikaa mjini: fundi mwenye mdomo.

Hilo jina limeniponza. Mjomba alipeleka barua ya posa yangu kwa kina Restituta miezi miwili iliyopita, na jibu halijarudi. Baba yake ni marehemu, kwa hiyo neno la kwanza ni la mama yake, na mama yake aliwaambia wajumbe, "Kijana ni mchapakazi, lakini anadharau watu. Mimi sitoi mtoto kwa mdomo." Jumatano wazee wao wanakaa kumaliza suala hilo. Ndiyo au hapana.

Basi Ijumaa kanda mpya ikaja na treni ya Tabora. Mzee Sadala akanionyesha jalada, joka limepanua kinywa, akasema, "Andika kitu cha kuwavuta, mwanangu." Nikaona nimkomeshe. Nikaandika herufi kubwa, kwa kejeli tupu:

MWISHO WA DUNIA UMEFIKA. JOKA LA SIKU YA KIAMA. WALIOBAKI WAPIGANA NALO. JUMAPILI SAA NANE MCHANA.

Nilitaka nicheke peke yangu. Nilisahau kitu kimoja: ubao husomwa na watu.

Leo saa nane kasoro nimekaa benchi langu la nyuma, naona kitenge cha bluu kinaingia mlangoni. Kikafuata kingine. Kwaya ya kina mama, wametoka kanisani wamenyooka moja kwa moja. Padri aliwahubiria joka wiki iliyopita, wakasikia limefika kwa Mzee Sadala, wakaja kuliona. Aliyetangulia, akiwa amekumbatia mkoba wake kifuani, ni mama yake Restituta. Restituta nyuma yake.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Huketi naye benchi moja, hucheki mbele yake, na neno chafu likitamkwa mko pamoja, ni wewe unayetoka nje hata kama hukulisema. Nikainuka nitoroke.

Mzee Sadala akanishika mkono mlangoni. Kizito hana sauti, mafua yamemkaba koo, amekaa kwenye ndoo anapumua kama pampu yangu mbovu.

"Wewe si ndiye unayesema kila siku Kizito anadanganya? Haya, leo tuambie ukweli."

Benchi zote zikageuka. "Fundi! Fundi! Fundi!"

Nikaketi kando ya deki, kipaza sauti mkononi. Macho nikayatia kwenye skrini na kuyaacha huko.

Nilianza na ukweli, naapa. Steringi akasema, nami nikasema, "Kimbieni." Akasema tena, nikasema, "Kimbieni haraka." Mwenzake akamjibu, nikasema, "Tunakimbia." Kikapita kitambo cha milio ya risasi. "Angalia nyuma." "Liko wapi?" "Liko juu."

Watu wakaanza kunung'unika.

"Tafsiri basi wewe!"

"Ndicho alichosema," nikajibu.

"Amesema maneno yote hayo, wewe unatupa mawili? Mengine umeyaweka wapi?"

Mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye ng'ombe huko njia ya Sitalike, alikuwa mbele kabisa na fimbo yake katikati ya magoti. Akauliza kwa upole, kama mtu aliye dukani, "Hilo joka linakula nini, kama kila kitu kimeungua?" Akaendelea, "Mimi chatu alinimezea ndama, akalala hapohapo siku nyingi, hata kuhama hawezi. Hili linakula watu asubuhi, jioni linaruka. Hili halikufunzwa na mama yake." Banda likacheka, na kusema kweli hilo lilikuwa neno la kwanza la maana tangu picha ianze.

Halafu steringi akagonga gari ukutani, akatukana. Tusi refu, lenye mama wa mtu ndani yake.

Nililielewa neno kwa neno. Na nyuma yangu, hatua nne, kaketi mama yake Restituta.

"Amesema… shindwa," nikasema. "Anamkemea shetani."

"Amina!" ikajibu kwaya.

Nikajua nimekwisha.

Maana baada ya hapo ukweli haukuwa na njia ya kurudi. Yule mwanamke wa kwenye picha, aliyetokea kwenye magofu na midomo imepakwa rangi, akamkumbatia steringi. Nikaona kinachokuja. Nikawahi: "Huyu ni dada yake. Walipoteana siku dunia ilipoungua." Kina mama wakasema oooh. Busu likaanza. Likaendelea. Likaendelea tena.

"Walipoteana muda mrefu sana," nikaongeza.

Nikasikia mtu akipenga kamasi. Walikuwa wanalia. Pale kwenye ndoo Kizito alikuwa analia pia, lakini kwake nilijua ni kicheko, mabega yalikuwa yanamruka.

Yule mzee wa ng'ombe akauliza tena. "Na joka lenyewe linasema nini? Tangu tufike linapiga kelele, hulitafsirii."

"Mzee, joka halisemi. Linanguruma tu."

"Mbona kwa Kizito hata mbwa wanasema?"

Banda zima likaguna. Kwaya ikasubiri. Na joka likapanua kinywa, moto ukatoka, nami nikasikia sauti yangu ikisema kwa uzito ambao sijui niliutoa wapi:

"Mimi sikuja kwenu. Nyie mliniita. Moto huu mnaouona ni maneno mliyosemana wenyewe kwa wenyewe, ya dharau na masengenyo. Mimi nawarudishia tu."

Mama mmoja akasema polepole, "Ni kweli." Mwingine, "Ni kweli kabisa, baba."

Picha nzima ikageuka. Steringi akawa mtu wa kiburi anayejifunza kunyenyekea. Bunduki zikawa sala. Joka lilipoanguka mwishoni, wale Wazungu wakirukaruka na kushangilia kama walevi, nikasema wanamshukuru Mungu. Kwaya ikasimama ikaimba. Ikaimba kweli, sauti nne, ndani ya banda la Mzee Sadala, juu ya harufu ya samaki aina ya migebuka waliokaangwa pale mlangoni. Mzee Sadala alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

Takataka ile, picha ile isiyo na kichwa wala mkia, nimeipa kichwa mimi.

Watu walipokuwa wanatoka, mama yake Restituta alisimama pembeni yangu bila kunigeukia, kama inavyotakiwa, akawa anaongea na nguzo ya banda. "Kumbe kijana huyu ana neno ndani yake. Tulimsikia vibaya. Jumatano nitawaambia wazee." Akapita. Nilibaki natazama kandambili zangu.

Kizito akanisogelea. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayochanwa.

"Karibu kazini, mwalimu."

Mwaka mzima nimemdharau mtu yule, na kumbe hajui Kiingereza ndiyo, lakini anajua jambo ambalo mimi sikulijua: picha hizi ni mbovu kiasi kwamba ukizitafsiri sawasawa unawaibia watu mchana wao. Sijaacha kumdharau. Nimeongeza mtu mmoja tu kwenye orodha.

Ningeweza kufunga daftari hapo. Ila nje nilimkuta Restituta kasimama karibu na baiskeli yangu, anazungusha pedali kwa kidole cha mguu. Niseme hapa nisichopenda kukisema: Restituta amemaliza kidato cha nne. Kiingereza chake ni cha shule, kina mpaka herufi ya mwisho.

"Yule dada yake," akasema. "Walifanana, eh?"

Nikasema, "Resti, usianze."

"Na ile shindwa. Shindwa ndefu ile! Nilidhani nitakufa pale." Akacheka mpaka akashika tandiko la baiskeli. Halafu akaacha kucheka. "Mama amekubali, unajua. Njia nzima atakuwa anakusifu."

"Basi si ndiyo tulichokuwa tunakitaka?"

"Mama amemkubali mtumishi aliyeongea kwenye maiki. Mimi posa yangu niliipokea kwa yule fundi mwenye mdomo, asiyejua kunyamaza mtu akidanganya. Sasa Jumatano wazee watamkubali nani? Maana mimi yule mwingine simjui."

Akaondoka kumfuata mama yake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Sasa jua linazama nyekundu ndani ya moshi, na mimi nimeketi nje ya chumba changu na daftari hili. Tayari Mzee Sadala amemtuma mtu niandike ubao: picha irudiwe Jumapili ijayo kwa wasioiona, mtafsiri ni mimi. Nimemjibu ubao umepasuka. Haujapasuka.

Nikinyamaza mpaka Jumatano, ninaoa. Nikinyamaza, pia, kila nitakapokwenda ukweni nitakuwa nimekaa na kipaza sauti mdomoni, na mke wangu pembeni anasikia lugha zote mbili.

Joka nililitungia maneno ili nijiokoe, na likatamka kosa langu mwenyewe mbele ya mama mkwe. Picha ya hovyo namna ile! Hata kunitukana haikuweza mpaka niisaidie.

Nimekata shauri. Kesho asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha baiskeli, nakwenda kwao. Nitasimama kando ya mlango, macho chini, nimwambie mama wale watu wawili hawakuwa kaka na dada.

Au nianze na tusi, halafu busu lifuate lenyewe?